Ruhusa ya Siku Moja

Meza yangu ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango wa stoo, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Kila Jumatatu nilikunja karatasi nikaisokomeza chini ya mguu ule, na kila Jumamosi mfagiaji aliiondoa akaitupa pamoja na takataka nyingine. Tuliendelea hivyo miaka miwili na ushei, mimi na yeye, bila kuambiana neno. Yeye alikuwa na kazi yake, na mimi nilikuwa na yangu.

Yangu iliitwa ukarani wa hesabu. Nalitaja jina kwanza kwa sababu jina ndilo lililokuwa zuri. Ofisi ilikuwa Changamwe, juu kidogo ya reli, na kampuni yenyewe ilikuwa ya kupokea mizigo kutoka Kilindini na kuihifadhi maghalani mpaka wenyewe waje waichukue. Ilikuwa miaka ya vita. Meli zilikuja kwa wingi, na karatasi zikaja kwa wingi zaidi. Kila ankara iliyoandikwa na makarani wakubwa ililetwa kwangu niijumlishe upya. Nikiona jumla ni sawa, natia alama ndogo kwa penseli ya kijani. Nikiona si sawa, sisahihishi. Nazungushia duara, nampelekea karani mkuu, naye husahihisha kwa wino mwekundu. Mimi wino sikuruhusiwa kuugusa, uwe wa rangi gani.

Siku niliyoajiriwa niliambiwa kwamba baada ya miezi sita nitapewa leja yangu mwenyewe. Leja zilikaa kwenye rafu nyuma ya karani mkuu, vitabu vizito vyenye ngozi nyekundu pembeni, nami nikawa nazitazama kama mtoto anavyotazama halua ya dukani. Miezi sita ikapita, ikapita sita mingine. Nikauliza, nikaambiwa nisubiri. Wasemao subira huvuta heri hawakufanya kazi pale. Pale subira ilivuta Jumatatu nyingine. Leja nilikuja kupewa, lakini ilikuwa miaka mingi baada ya haya ninayoyasimulia, na tamaa yake ilikuwa imekwisha kunitoka.

Meneja alikaa nyuma ya kioo, hatua nane kutoka mezani kwangu. Nilizihesabu. Alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, na sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Labda joto letu lilimshinda tu. Lakini alikuwa hasemi na mtu. Alikuwa akiandika. Akitaka dirisha lifungwe, aliandika kikaratasi, akakiweka katika sahani ya bati mlangoni pake, na karani mkuu akainuka kukichukua na kumpelekea anayehusika. Karani mkuu alikuwa Mgoa wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha kutuamuru. Siku moja kikaratasi kilikuja kwangu, akanisomea.

“Karani wa mwisho aache kupiga mluzi.”

“Sipigi mluzi, bwana. Ni upepo huo, kwenye dirisha la stoo.”

“Basi kuacha itakuwa rahisi,” akasema, akakitia kikaratasi katika faili lenye jina langu. Leja sikuwa nayo, lakini faili nilikuwa nalo.

Sikupigwa, sikutukanwa, na mshahara ulitoka kwa siku yake. Nayasema haya nisije nikadhaniwa nalia bure. Kilichoniuma kilikuwa kidogo na sikuwa na wa kumwambia: nilikwenda pale kila siku, na hakuna kitu duniani kilichobadilika kwa kwenda kwangu. Ankara nyingi zilikuwa sawa kabla sijazigusa. Zile zisizokuwa sawa zilisahihishwa na mwingine. Nikishuka na safu ndefu ya tarakimu, macho yakiwa kwenye karatasi, moyo ulikuwa umekwisha vuka maji uko Likoni, unashuka na safu ya minazi ya baba, mnazi baada ya mnazi, mpaka kule chini kwenye udongo mweusi. Mara nyingi nilifika mwisho wa minazi kabla sijafika mwisho wa tarakimu, ikabidi nianze tena.

Kwetu ni ndani kidogo, mwendo wa nusu saa kutoka kivukoni. Baba alikuwa na minazi, mikorosho na mihogo, na upande wa chini wa shamba kulikuwa na kipande ambacho sisi tulikiita hivyo tu, upande wa chini. Minazi ya kule tuliipanda mimi naye nilipokuwa na miaka kumi. Yeye alichimba mashimo, mimi nikashindilia udongo kwa miguu, nikirukaruka kuizunguka miche mpaka anitulize. Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na nadhani baba alitafuta kazi ya kutufanya tuwe pamoja mchana kutwa. Niliupenda upande ule kuliko mahali popote, na ninaupenda hata leo ninapoandika. Jumapili nyingine nilivuka kwenda nyumbani, nikateremka huko peke yangu, nikakaa chini. Jioni nikarudi Changamwe nilikopanga chumba, shingo imeinama kama ya punda aliyeona chokaa inapakiwa.

Lakini baba alijivuna. Ndilo lililonifunga mdomo. Alikuwa ameuza korosho za misimu mingapi sijui ili nisome, na sasa akitoka msikitini hakosi wa kumwambia, “Mwanangu ashika vitabu vya kampuni.” Watu wakinitazama kwa heshima njiani, wengine wazee kunishinda kwa miaka arubaini. Ningewaambiaje kwamba nashika penseli?

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo kisa hakishikiki. Watoto wa pwani wote huomba mkono wa Idi, yaani kijizawadi cha siku ile, peremende au senti. Katika ukoo wetu hata watu wazima waliomba. Baada ya sala ya Idi jamaa walikusanyika barazani kwa baba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa, na mwenye haja nzito aliitaja mbele ya wote: mke wa kuposewa, ugomvi wa kusuluhishwa, ardhi ya kulima. Ombi la ardhi lilikuwa halitajwi siku nyingine yoyote. Na katika mwezi wa Ramadhani baba alikuwa amekataza kabisa hata kuigusia. Alisema watu wenye midomo mikavu hawagawi ardhi, hugawa matusi. Aliwahi kumfukuza barazani mjomba wangu mzima, saa ya futari, kwa kutaja mpaka wa mkorosho mmoja.

Mwaka ule, Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo, baba aliniambia magoti yamemchoka.

“Upande wa chini siuwezi tena,” akasema. “Shamba lisilo mtu ni la nguruwe na tumbili. Idi hii, inshallah, nitampa atakayeomba.”

Nilimuaga, nikateremka kivukoni, na katikati ya maji, nikiwa nimeegemea ukuta wa feri baina ya tenga za kuku na mwanamke aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe, nikaamua. Nitauomba mimi. Nitasimama siku ya Idi mbele ya jamaa, nitasema nataka upande wa chini, nataka kurudi, na meneja atafute mwingine wa kumwandikia vikaratasi. Mbele ya watu wote baba hatanikatalia, na aibu ya ukarani itakwisha siku moja. Nilipofika ng'ambo nilikuwa mwepesi hata nikampa mchukuzi mmoja salamu ya mkono, akashangaa.

Mfungo ulikuja. Nikawa na siri yangu, na siri hiyo ilinilisha mchana kutwa. Nilijumlisha kwa bidii, sikukosea, karani mkuu akanitazama mara mbili juu ya miwani. Niliyatazama makaratasi kama mtu anavyoitazama nyumba ya kupanga akijua mwisho wa mwezi atahama.

Likabaki jambo moja, ruhusa. Sisi Waislamu wa ofisini, ambao tulikuwa wawili, mimi na mlinzi wa ghala, tulipewa siku moja ya Idi. Ilibidi kuiomba kwa maandishi, nakala tatu, juma moja kabla, na kutaja tarehe. Nikaandika kwa unyenyekevu kwamba naomba ruhusa siku ya Idi. Ikarudi. Karani mkuu akaiweka mezani kwangu, akagonga kwa kidole mahali palipokuwa wazi.

“Tarehe.”

“Tarehe bado haijulikani, bwana. Ni mpaka mwezi uandame.”

“Uandame wapi?”

“Mbinguni, bwana. Ukionekana jioni ya siku ya ishirini na tisa, kesho yake ni Idi. Usipoonekana, twafunga ya thelathini, Idi ni kesho kutwa yake.”

Akaivua miwani, akaifuta. Yeye alikuwa Mkristo na sikukuu zake zilikuwa zimechapishwa kwenye kalenda ukutani, zote, mpaka za mwaka unaofuata. Nadhani alinihurumia, dini yangu ikamwonekania kama biashara isiyo na vitabu.

“Meneja anataka tarehe moja,” akasema. “Mwezi huu wenu na mwezi wa ofisi inaisha pamoja. Tunafunga hesabu. Chagua.”

Jioni ile nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani pale Changamwe, mzee wa Kijomvu, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa.

“Wallahi, mwanangu, mwezi haujaajiriwa na mtu. Waambie wauandikie barua.”

“Lakini mwalimu wadhani upi?”

“Mimi sidhani. Mimi hutazama.”

Sikupata msaada hapo. Nikapiga hesabu zangu mwenyewe, karani wa hesabu mimi. Mwaka uliopita mfungo ulikuwa siku thelathini. Mwaka wa kabla yake, thelathini. Nikajiambia haiwezekani mara ya tatu, mwaka huu lazima iwe ishirini na tisa. Mpaka leo sijui nilitoa wapi sheria hiyo. Nikaandika tarehe, siku ya Alhamisi, nakala tatu, nikatia sahihi. Meneja akatia yake.

Jumatano jioni tulisimama kwenye kilima, wanaume wa mtaa, tukiitazama magharibi juu ya ghuba ya Kipevu. Wingu lilikuwa limelala pale jua linapotua, jembamba, la kijivu, limenyooka kama ukingo wa mkeka. Watoto walipiga kelele mara tatu kwamba wameuona, na mara tatu wakakaripiwa. Mwalimu alisimama mbele na kiganja juu ya macho. Nikasali pale niliposimama, bila wudhu wala adabu, nikimwomba Mungu anifutie kipande cha wingu upana wa ukucha. Adhana ikaadhiniwa. Hakuna aliyeuona, na habari ya kwamba umeonekana kwingine haikuja.

“Twafunga,” mwalimu akasema, watu wakatawanyika kwenda kufuturu. Wengine walinipita wakicheka. Kwao ilikuwa ni siku moja zaidi ya uji na kaimati.

Alhamisi alfajiri sikwenda Likoni. Nilikwenda ofisini nikangoja nje mpaka karani mkuu alipofika, nikamwomba anibadilishie siku. Nitafanya kazi leo, hata mpaka jioni, mnipe kesho. Akaniambia ningoje. Akaandika, akaingia nyuma ya kioo, akatoka. Kikaratasi kilikuwa kimoja, maneno manne au matano, na tafsiri yake ni kwamba ruhusa imekwisha andikwa kitabuni. Kesho hesabu zilitakiwa ziondoke kwa treni ya Nairobi. Nikimtazama meneja kupitia kioo nilimwona ameinamia karatasi zake, na kipara chake kidogo nyuma ya kichwa, kama cha mtu yeyote. Zilikuwa hatua nane tu. Ningaliweza kuzitembea, nikabisha hodi, nikasema kwa mdomo wangu. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha. Lakini hapakuwa na aliyewahi kubisha hodi pale, nami sikubisha.

Basi nikavuka nikaenda nyumbani siku ya thelathini, na ruhusa yangu ya Idi mfukoni.

Baba alifurahi kuniona. “Leo leo?” akasema. “Nalikungoja kesho.”

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umefunga?”

“Nimefunga.”

“Haya, nisaidie ua.”

Tukatengeneza ua mimi naye, tukakaza miti kwa kamba za makumbi. Shangazi yangu, dada yake baba aliyekuwa akitupikia tangu mama afe, alikuwa ndani akipepeta mchele wa kesho, na sauti ya ungo ilitufikia. Upepo wa kusi ulikuwa unakwisha, hewa ilikuwa safi, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ile. Mikono ilinuka makumbi. Kidole kiliingia mwiba, nikautoa kwa meno. Nikawaza, kuanzia juma lijalo hivi ndivyo zitakavyokuwa Alhamisi zangu, kisha nikakumbuka.

Alasiri baba akasema twende upande wa chini. Alitembea polepole, mkono mmoja begani kwangu, na ule uzito wake nauhisi bado. Tulipofika akasimama chini ya mnazi wa kwanza.

“Huu ndio uliouruka mpaka ukautia upogo, ukapinda,” akasema. “Tazama. Umekua na upogo wake, na wazaa kuishinda yote.”

Nikacheka. Tukakaa.

“Lataka mtu, shamba hili,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Mtu wa kulipenda, si mkono wa kulima tu.”

“Ndiyo, baba.”

Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Nayakumbuka yalivyokuwa, nilikuwa nimeyapanga kwa siku ishirini na tisa: baba, naomba mkono wangu wa Idi. Lakini ilikuwa bado Ramadhani. Jua lilikuwa juu, midomo yetu ilikuwa mikavu, na ardhi haitajwi. Nilimkumbuka mjomba alivyoondoka barazani na tende mkononi. Nikajiambia sheria ni sheria, na kwamba nikilitaja vibaya leo nitaliharibu lote. Ajabu ni kwamba nilijisikia mwema. Nilijiona mwana mwenye adabu.

“Kesho tutalimaliza, wakija watu,” baba akasema.

“Kesho sipo, baba. Nina kazi.”

Alikuwa akichora ardhini kwa kijiti, akaacha.

“Siku ya Idi?”

“Hesabu zafungwa. Lakini nitakuja jioni. Mapema nikiweza.”

“Basi,” akasema, na polepole uso ukamrudia. “Hawawezi kufunga hesabu bila wewe.”

Sikumsahihisha. Tulifuturu kwa dafu na mihogo ya nazi, nikavuka na feri ya baada ya magharibi.

Siku ya Idi niliamka nikaoga, nikavaa kanzu, nikasali Changamwe katika safu ya watu nisiowajua vizuri, nikaivua kanzu, nikavaa suruali ya kaki, nikaenda kazini. Njia nzima watu walinipa mkono. “Idi mubarak! Waenda wapi na suruali?” Nikasema naja, narudi sasa hivi. Mezani nilikuta ankara zimerundikwa hata sikumwona aliyekuwa mbele yangu. Nikajumlisha. Nilijua kwa dakika yale yanayotendeka Likoni: sasa wametoka msikitini, sasa wanapeana mikono, sasa shangazi anatoa biriani, sasa wamekaa. Nilijipa moyo kwa hoja za kijinga. Labda watachelewa kula. Labda atakayeomba hatakuwapo. Labda baba, kwa kuwa nimesema nitakuja jioni, ataahirisha mpaka jioni, ingawa nilikuwa sijampa sababu yoyote ya kuahirisha.

Ilipokaribia saa nane karani mkuu alisimama mbele ya meza yangu. Alikuwa na bahasha mkononi, imefungwa. Akaiweka juu ya ankara.

“Peleka posta. Ya mjini, si ya hapa.”

Nikaitazama. Haikuwa na anwani wala stempu. Nikaishika, ilikuwa tupu.

“Bwana, hii...”

“Posta itakuwa na watu wengi leo,” akasema, akiwa ameugeuzia kioo mgongo ili meneja aone mgongo huo na si uso wangu. “Huwezi kurudi kabla ya kufunga. Nenda.”

Miaka miwili nilikuwa nikimwita mtumwa wa vikaratasi, moyoni na kwa rafiki zangu. Sikumshukuru hata. Nilikimbia.

Nilikimbia mpaka njia kuu, nikapata basi mpaka mjini, nikakimbia tena mpaka kivukoni, nikipenya baina ya watu waliovaa vipya. Feri ilikuwa imejaa kanzu na mabuibui na watoto wenye peremende mashavuni. Nilisimama mbele kabisa, kana kwamba kusimama mbele kungenifikisha kabla ya wengine. Nikasema maneno yangu kwa sauti, mwanamume mmoja akageuka kunitazama. Kwa mara ya kwanza sikuona haya. Nilikuwa nakwenda nyumbani.

Nilifika baada ya alasiri. Mikeka ilikuwa bado imetandikwa barazani, lakini jamaa wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Mtoto wa ami yangu mkubwa, aliyekuwa mchukuzi wa kuhamahama, leo Mtongwe kesho Kisauni, mwenye mke na watoto watatu na asiye na hata mchaichai wake mwenyewe, alikuwa amekaa karibu na baba. Aliponiona alisimama kwa furaha.

“Karani! Idi mubarak, ndugu yangu!” Akanikumbatia, akanishika kwa muda mrefu kuliko kawaida, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikajua kabla sijaambiwa. Kisha akaita watoto wake, wakateremka naye njia ya upande wa chini, yule mdogo akiruka kwa mguu mmoja.

Nikakaa kitako kando ya baba. Nikampa mkono, nikaubusu wake.

“Umempa,” nikasema.

“Aliomba baada ya sala, mbele ya watu. Nikauliza, yuko mwingine autakaye? Nikauliza mara tatu, kama ada.” Alikuwa akiipapasa fimbo yake. “Ya tatu nalingoja kidogo.”

“Ulimngoja nani?”

“Sijui. Nalitazama njia tu.”

Kutoka chini tulisikia watoto wakiitana, mmoja huku, mmoja kule, wakihesabu minazi kwa kelele na kukosea.

“Jana,” baba akasema, “twalikuwa pamoja tangu asubuhi. Kama ulikuwa na neno, ungalisema.”

“Jana ulikuwa mwezi mtukufu, baba. Umekataza.”

Akageuka kunitazama. Sijui niliuonaje uso wake. Haukuwa na hasira.

“Aliyekataza ni mimi,” akasema. “Na mimi nalikuwa papo hapo, mkono wangu begani mwako. Ungalisema, ningalisikia.”

Kisha akaniinamia karibu, kama ninavyokumbuka alivyofanya nilipokuwa na homa utotoni.

“Wautaka? Niambie kweli. Nitamwita nduguyo sasa hivi.”

Angemwita. Nilimjua baba yangu, angevunja neno lake mbele ya ukoo mzima, na angeona haya mpaka kufa kwake, na yule ndugu angewapandisha watoto wake njia ile ile. Kelele zao zilikuwa zinakuja juu. Nikatazama suruali yangu ya kaki, nikaona nimekaa na bahasha ile tupu bado mkononi.

“La, baba,” nikasema. “Mimi nitauweka wapi? Mimi nina kazi.”

Alinitazama kidogo tena, kisha akaegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu, na nikaona anaamini, au ameamua kuamini. Akampigia shangazi kelele, asikie kule jikoni, kwamba karani amekuja na hajala tangu asubuhi.